Bondia wa kulipwa akitaka Olimpiki, aanzie Katuba

Hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, wananiita Mama Dokta, ingawa daktari si mimi. Mimi ni mwuguzi. Siku za kazi niko kwenye kituo cha afya, napima watoto na kuchoma sindano. Wikendi kukiwa na gala ya ngumi, nakaa pembeni ya ulingo na begi langu: pamba, bandeji, kipimo cha presha, barafu kwenye termosi, na simu yenye tochi ya kuangalia macho. Silipwi. Siku ya bahati napewa soda na sahani ya bukari na sombe. Najieleza mapema ili msomaji ajue naongea nikiwa wapi. Niko chini ya ulingo, natazama juu, na kinacholetwa kwangu ni vichwa vilivyokwisha kupigwa.

Tangu Machi 2025, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipopiga kura kule Ugiriki kuirudisha ngumi kwenye ratiba ya Los Angeles 2028, klabu yetu imechangamka. Ilibaki kidogo mchezo utupwe nje kabisa. Pamoja na furaha hiyo limerudi lile bishano la siku zote: je, mabondia wa kulipwa waingie kwenye mashindano makubwa ya ngumi za ridhaa? Kocha wetu, mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni ya migodi, na ambaye sauti yake inasikika mpaka barabarani, anasema hapana na hataki kuongezewa neno. Mume wangu naye anasema hapana, kwa sababu zake, nitazifikia. Vijana wenyewe wanasema ndiyo asubuhi na hapana jioni, inategemea nani kawapiga siku hiyo. Mimi nasema waje. Ila nina masharti, na ni masharti makali kuliko hapana ya kocha.

Tukumbushane kwanza yaliyopita, maana watu wanabishana kana kwamba jambo hili halijawahi kujaribiwa. Tarehe 1 Juni 2016, miezi miwili tu kabla ya Olimpiki ya Rio, AIBA, lililokuwa shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa, lilikutana Lausanne. Mashirikisho 88 yalipiga kura. 84 yakasema ndiyo, manne yakajizuia, hakuna hata moja lililosema hapana. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. WBC, mojawapo ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia ya ngumi za kulipwa, ilitangaza kwamba bingwa wake yeyote, au bondia aliye kwenye 15 bora zake, akienda Rio atafungiwa miaka miwili. Lennox Lewis, ambaye mwenyewe alichukua dhahabu Seoul 1988, alipinga waziwazi. Hofu yao wote ilikuwa moja: mwanamume aliyezoea raundi 12 atakutanishwa na kijana wa miaka 18, na kijana atatoka kwa machela. Mike Tyson naye aliuita uamuzi ule upuuzi, ila akaongeza kitu ambacho wengi hawakukitilia maanani, kwamba baadhi ya hao wa kulipwa ndio watakaopigwa.

Tyson aliona mbali. Mabondia wa kulipwa waliofuzu kwenda Rio walikuwa watatu tu. Carmine Tommasone wa Italia alishinda pambano lake la kwanza, kisha akakutana na Lázaro Álvarez wa Cuba, safari ikaishia hapo. Amnat Ruenroeng wa Thailand, mtu aliyejifunza ngumi gerezani na kupanda hadi kuwa bingwa wa dunia wa IBF kwenye uzito wa flai, alipigana kilo 60, yaani kilo tisa hivi juu ya uzito aliokuwa bingwa. Mfaransa Sofiane Oumiha alimsimamisha kabla ya kengele ya mwisho. Wa tatu ndiye tuliyemtazamia zaidi sisi Waafrika, Hassan N'Dam wa Kamerun. Huyu si wa kuchezea. Mwaka 2012 Peter Quillin alimwangusha mara sita kwenye pambano moja la ubingwa, na mara zote sita akainuka na kumaliza raundi 12. Rio aliingia kilo 81, akapigwa kwa pointi na Mbrazili Michel Borges pambano la kwanza kabisa. Akakunja virago. Cha kuchekesha, Desemba ya mwaka uleule N'Dam alimlaza Alfonso Blanco kwa sekunde 22, na Mei 2017 akapewa ushindi wa pointi dhidi ya Ryota Murata, Mjapani mwenye dhahabu ya London 2012. Kwa hiyo mtu hakuwa ameisha. Alikuwa tu kwenye mchezo mwingine.

Aliyekaa karibu na ulingo haoni ajabu. Ngumi za kulipwa ni safari ya kwenda Likasi: unapanda gari, unatafuta kiti, unafungua chakula chako, unafika. Ngumi za ridhaa ni kukimbilia taksi inayoondoka. Raundi tatu za dakika tatu, basi. Bondia aliyezoea kutumia raundi mbili kumsoma mwenzake akimaliza kusoma anakuta zimebaki dakika tatu na majaji wameshaandika. Halafu kuna mizani. Wa kulipwa anapimwa mara moja, siku moja kabla ya pambano, kisha anakunywa maji na kula mpaka anarudi kuwa mtu. Wa ridhaa anapanda mizani kila asubuhi ya siku anayopigana, na kwenye mashindano makubwa anaweza kupigana mara nne au tano ndani ya wiki mbili. Nimeona vijana wetu wakikaa na kiu siku nzima, midomo imepasuka, wakitema mate kwenye kopo ili wapunguze gramu. Kwa mizani ya muuza unga, kwa sababu ya kwetu iliharibika. Mtu ambaye hajaishi maisha hayo miaka mingi, umwite bingwa wa dunia au umwite nani, siku ya tatu mwili unamkataa.

Baada ya Rio mlango haukufungwa tena, na matokeo yamekwenda huku na huku. Tokyo, mwaka 2021, Mrusi Albert Batyrgaziev akawa bondia wa kwanza aliyekwisha kupigana kwa malipo kuchukua dhahabu ya Olimpiki. Aliyepoteza fainali hiyo, Mmarekani Duke Ragan, alikuwa wa kulipwa vilevile. Paris 2024, Julio César La Cruz wa Cuba, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki na ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshaonja ngumi za malipo, alitolewa pambano lake la kwanza na Loren Alfonso wa Azerbaijan. Ukiweka yote hayo mezani, picha ya jitu linalokula watoto haipo.

Kwa hiyo hoja ya hatari, ambayo mimi mwenye begi la bandeji ndiye ningepaswa kuipigia kelele kuliko wote, hainishawishi kwa namna inavyosemwa. Hatari ipo, tena kubwa, lakini haitokani na nani kalipwa. Inatokana na pengo la uzoefu. Vasiliy Lomachenko alipoacha ngumi za ridhaa alikuwa na dhahabu za Beijing na London, na rekodi inayotajwa kila mahali ya ushindi 396 na kushindwa mara moja. Wa ridhaa safi, cheti mkononi. Mchukue kijana wa hapa kwetu mwenye mapambano matano umpandishe naye ulingoni, halafu uniambie kijana yuko salama kwa sababu mwenzake hajalipwa. Na mwaka 2014, Lomachenko huyohuyo alipopanda kwa malipo mara ya pili tu, Orlando Salido, mzee wa mapambano mengi na mbinu chafu kidogo, akamshinda kwa pointi. Ukongwe ndio unaopiga watu. Pesa haina mkono.

Kuna wanaosema: mbona mpira wa kikapu waliruhusu? Ni kweli. Barcelona 1992 Marekani ilileta nyota wake wote, na wa kwanza kukutana nao walikuwa jirani zetu wa Angola. 116 kwa 48. Waangola walirudi nyumbani wakicheka, wamepiga picha, wana hadithi ya kusimulia wajukuu. Aliyeumia ni Herlander Coimbra peke yake, aliyepata kiwiko cha Charles Barkley, na hata yeye alipona. Ukifungwa kwa tofauti ya pointi 68 kwenye kikapu, kesho unaamka unakumbuka jina lako. Kwenye ngumi tofauti ya namna hiyo inaletwa kwangu ikiwa imelala. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema fungua kila kitu, kila mtu aingie, mashabiki wafurahi. Lazima kuwe na mtu anayesoma rekodi za wote wawili kabla ya kengele na mwenye uwezo wa kusema pambano hili halipigwi.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa, na kocha wangu anakielewa vizuri kuliko waandishi wa Ulaya. Ni nafasi.

Watu wa nchi kubwa wakisema Olimpiki hawajui Olimpiki ni nyembamba kiasi gani ukiingilia Afrika. Kwa ajili ya Paris, michuano ya kufuzu ya bara letu ilifanyika Dakar, Septemba 2023. Kwa wanaume kila uzito ulikuwa na nafasi moja. Moja, kwa bara zima. Ukifika fainali ukapoteza, umerudi nyumbani na medali ya fedha shingoni na tiketi huna. Kilo 51 ilichukuliwa na jirani yetu wa Zambia, Patrick Chinyemba, na kwa kweli hapa Lubumbashi kuna watu walishangilia utadhani ametoka mtaa wetu wa Kamalondo. Yalikuwepo mashindano mengine ya kufuzu baadaye, Italia na Bangkok, lakini hesabu wewe mwenyewe tiketi, viza na hoteli za shirikisho ambalo wakati mwingine linashindwa kuwatoa mabondia Lubumbashi kuwafikisha Kinshasa. Kutoka kwetu kwenda Kinshasa ni ndege, hakuna ujanja mwingine, na bei ya ndege hiyo ni miezi mingi ya mshahara wa mwuguzi.

Kwenye uwembamba huo ndipo mwaka 2016 walipotoboa mlango wa nyuma. Tommasone, Ruenroeng na N'Dam hawakupita kwenye michuano ya mabara. Walifuzu kwenye mashindano ya pekee yaliyofanyika Vargas, Venezuela, mwezi Julai, wiki chache kabla ya Olimpiki yenyewe, yaliyotengwa kwa mabondia wa kulipwa na wale wa ligi za AIBA yenyewe. Hapo ndipo ningesimama nipige kelele kama ningekuwa na sauti ya kocha. Kijana wa Yaoundé au wa Katuba amekaa miaka minne anapima uzito kila asubuhi, amepita mtaa, amepita jimbo, amepita taifa, halafu mwezi wa mwisho unafunguliwa mlango upande wa pili, na wanaoitwa kuingia ni wale ambao tayari wana jina. Simlaumu N'Dam. Alikwenda Olimpiki ya Athens 2004 akiwa wa ridhaa na akafika robo fainali, aliujua mchezo, na alitaka kuvaa jezi ya nchi yake tena. Ninalaumu mlango.

Sisi Wakongomani tuna sababu ya kuliogopa jambo hili kuliko wengine, kwa sababu vipaji vyetu vikubwa vya ngumi vinaishi ugenini. Sumbu Kalambay alizaliwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1956. Akaenda Italia, na mwaka 1987 akamshinda Iran Barkley kule Livorno na kuwa bingwa wa dunia wa WBA uzito wa kati. Mwaka uliofuata akampiga Mike McCallum, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kulifanya. Waulize vijana wa Katuba leo Kalambay ni nani, watakuuliza anacheza timu gani. Ilunga Makabu wa Kananga aliutwaa mkanda wa WBC wa cruiserweight Kinshasa kwenyewe, Januari 2020, lakini maisha yake ya ngumi yalijengwa nje. Mdogo wake, Martin Bakole, amefanya makazi Scotland, na Agosti 2024 alimsambaratisha Jared Anderson kule Los Angeles. Tuseme, nasema tuseme tu, mmoja wa wakubwa hao anapiga simu shirikishoni mwaka 2028 na kusema nataka Olimpiki. Nani atamwambia subiri? Viongozi watakimbia kupiga naye picha. Na yule kijana wa uzito wa juu aliyeshinda ubingwa wa taifa atajulishwa kwa ujumbe wa WhatsApp, kama atajulishwa.

Sharti langu la kwanza ni hili: mkubwa huyo aje, karibu sana, bukari ipo. Aje kwenye ubingwa wa taifa. Apande mizani asubuhi pamoja na wengine, akae kwenye benchi la mbao asubiri jina lake liitwe kwa makosa mara mbili. Akimpiga kijana wetu kwa haki, kijana atakuwa amejifunza kitu ambacho pesa hainunui, na mkubwa atakuwa ametuonyesha heshima. Akikataa, basi hakutaka Olimpiki. Alitaka tiketi.

Na kabla mtu hajaniambia kwamba nafasi moja ya ridhaa si kitu, Kongo haijawahi kupata medali hata moja ya Olimpiki, kwa nini tugombee viti, nitamkumbusha Paris. Tarehe 30 Julai 2024, Marcelat Sakobi, bondia wetu wa kike, alipoteza pambano lake la kilo 57 dhidi ya Sitora Turdibekova wa Uzbekistan. Matokeo yakatangazwa. Akasimama pale ulingoni, akaziba mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja, kama bunduki. Ishara ileile waliyoifanya wachezaji wetu wa mpira kwenye Kombe la Afrika miezi michache kabla, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki mwa nchi, huko Kivu. Nina dada yangu Goma. Usiku ule nilipokea ile picha kutoka kwake mara nyingi, kila mara bila neno lolote. Bondia aliyeshindwa pambano la kwanza aliufanya ulimwengu utazame Kivu kwa dakika chache. Niambie tena kwamba kiti hicho ni kidogo, na kwamba tukigawe kwa mtu aliye na njia nyingine kumi za kuonekana kwenye televisheni.

Sharti la pili ndilo la kwangu kikazi.

Bondia wa ridhaa ana kijitabu. Ndani yake kuna picha yake, tarehe za mapambano, matokeo, na ukurasa ambapo mimi au daktari tunaandika. Akipigwa kichwani akazimika, kanuni nilizofundishwa ziko wazi: siku 30 angalau hapigani wala hafanyi sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Ikitokea mara mbili ndani ya miezi mitatu, siku 90. Mara tatu ndani ya mwaka, mwaka mzima. Naandika, napiga muhuri, na kijitabu kinabaki kwa viongozi. Anaweza kulia, anaweza kuleta mama yake, muhuri haufutiki.

Kuna kijana wa klabu yetu, kilo 63, msaidizi wa fundi mwashi, mkono wa kushoto mzuri sana. Siku moja aliponyoka kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako kuna mtu alikuwa ameandaa mapambano ya malipo kwenye ua wa baa. Raundi nne. Alirudi Jumatatu. Jumamosi yake tulikuwa na gala na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Nikamwita nimpime kama kawaida.

Presha nzuri. Nikamwambia afungue vifungo vya shati nimsikilize kifua. Vidole vilitafuta kifungo cha pili, vikakikosa, vikarudi cha kwanza ambacho kilikuwa kimeshafunguliwa. Nikawasha tochi, nikaipitisha mbele ya macho. Akageuza uso, mwanga unamchoma. Chini ya taya upande wa kulia palikuwa na uvimbe wa rangi ya ndizi iliyoiva sana.

«Mama Dokta, niko muzuri. Ni malaria tu.»

«Malaria ya ku taya?»

Akacheka. Kisha akaniuliza gala inaanza saa ngapi. Nikamwambia. Nikaandika presha yake, nikainua kichwa, akaniuliza tena gala inaanza saa ngapi.

Nilikwenda kwa kiongozi mmoja wa mchezo aliyekuwepo pale, nikamwambia huyu amezimishwa wiki hii, hapigani, na naomba kijitabu chake niandike siku 30. Akaniuliza alizimishwa wapi. Nikamwambia Kasumbalesa. Kwa malipo? Kwa malipo. Akachukua kijitabu, akakitia mfukoni, akasema: «Alishakula makuta ya boksi, hayiko wetu tena.» Kwa kanuni yake yeye, kijana alikuwa ameshatoka kwenye ngumi za ridhaa, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Kiongozi alidhani amemwadhibu. Alichofanya ni kumwondoa mbele ya macho yangu. Gala hakupigana, sawa. Lakini hakuna mtu popote aliyeandika kwamba ubongo wake ulikuwa unahitaji kupumzika, na wiki mbili baadaye nikasikia yuko tena barabara ya Kasumbalesa, na safari hii kwa jina la utani.

Nyumbani alikolala alikuwa na dola hamsini. Hizo ndizo zilizomfanya kuwa «wa kulipwa».

Hapa ndipo ninapomkasirikia kila anayechora mstari kwa kutumia pesa. Cuba ilipiga marufuku michezo ya kulipwa mwaka 1962, na kwa miaka sitini mabondia wake waliishi kambini, wakala kambini, wakatibiwa na madaktari wa serikali, kazi yao ni ngumi asubuhi hadi jioni. Teófilo Stevenson alichukua dhahabu tatu, 1972, 1976 na 1980, na ni kweli alikataa mamilioni ya Wamarekani, heshima yake iko palepale. Ila yeye ndiye wa ridhaa, na kijana wetu anayebeba saruji kutoka saa kumi na mbili asubuhi, anayekuja mazoezini na vumbi kwenye nyusi, anayevaa glovu ambazo wenzake watatu wameshazilowesha kabla yake, huyo kwa sababu ya dola hamsini ni mtaalamu wa kulipwa. Mwaka 2022 hata Cuba iliacha, ikawaruhusu mabondia wake wapigane kwa malipo Mexico na warudi kwenye timu ya taifa. La Cruz alikuwa mmoja wao, na Lázaro Álvarez, yuleyule aliyemtoa Tommasone. Kama Cuba imeweza kumeza hilo, kiongozi wetu anaogopa nini?

Mlango ukifunguliwa kwa wa kulipwa, maana yake kwangu ni kwamba wote wanaingia kwenye kijitabu. Pambano la Kasumbalesa linaandikwa, la Kinshasa linaandikwa, la Riyadh linaandikwa. Anayetaka jezi ya taifa analeta historia yake yote ya kichwa chake, siyo ile ya kushinda tu. Na aliyezimishwa Jumamosi kwa malipo hapigani Jumamosi inayofuata kwa ridhaa. Mabondia wengi wakubwa hawatapenda hilo, kwa sababu promota hapendi rekodi ya daktari ionekane. Basi wabaki huko kwao.

Nilisema nitamfikia mume wangu. Yeye ni mtu wa Mazembe, timu ya mpira ya hapa Lubumbashi ambayo nyumbani kwake ni Kamalondo, kwa hiyo kila hoja yake lazima ipite Kamalondo. Anasema: angalia CHAN. Ile ni michuano ya mpira ya Afrika ya wanaocheza ligi za nyumbani peke yao, waliotoka kwenda Ulaya hawaruhusiwi, na sisi tumeichukua mara mbili, 2009 na 2016. Kwenye fainali ya Kigali dhidi ya Mali mabao yote matatu yalifungwa na vijana wa Mazembe, mawili Meschack Elia, moja Jonathan Bolingi. Wangekuwepo wa Ulaya, anasema, Elia angekaa benchi na dunia isingemjua. Ngumi nazo ziwe na CHAN yake, yaani Olimpiki iachiwe walio nyumbani.

Ni hoja nzuri na huwa inaninyamazisha kwa muda, hasa akiitoa wakati wa kula. Ningeikubali kwa mashindano ya vijana, na hata ubingwa wa Afrika sioni ubaya tukiubakiza kwa wale ambao hawajavuka mapambano fulani ya malipo. Lakini mpira una Kombe la Afrika na Kombe la Dunia kwa ajili ya wakubwa. Anayekataliwa CHAN ana pengine pa kuvaa jezi ya nchi. Bondia hana. Akishapigana raundi nne kwenye ua wa baa, ukimfungia Olimpiki umemfungia bendera maisha yake yote. Na ukimwambia kijana wa kilo 63 achague kati ya bendera na dola hamsini mwezi ambao mama yake anadaiwa kodi ya nyumba, jibu unalijua, nami nitalisikia kwa jirani.

Niliyasema haya kwenye mkutano wa klabu za jimbo, kwa ufupi, maana walinipa dakika chache mwishoni, baada ya mjadala mrefu wa nani atalipia kamba mpya za ulingo. Niliomba mawili. Klabu zitoe vijitabu kwa kila anayepigana, awe amelipwa au hajalipwa, na mwuguzi wa gala awe na haki ya kuandika bila kuuliza pambano lilifanyika wapi. Mmoja akaniuliza kama nimetumwa na mapromota. Wengine walicheka. Hakuna kilichoamuliwa, tulirudi kwenye kamba.

Kijana wa kilo 63 amerudi mazoezini. Anaruka kamba, anapiga begi, sparingi bado nimemkatalia na kocha ananiunga mkono kwa hilo. Kocha kwa mabondia wa kulipwa bado ni hapana, na jana tu tumebishana tena mbele ya watu. Lakini jioni, watu walipoondoka, aliniuliza kama pale kituoni kuna mtu anayeweza kumtolea fotokopi za vijitabu vichache, vya akiba. Sikumuuliza vya akina nani. Nimemwambia alete karatasi.